Wanga Usio na Mpishi

Jumamosi moja ya Septemba, mwaka wa tisini na mbili, watu waliokuja kuchota maji kwenye tangi la kijiji cha Ihumwa walimkuta Swalihu amesimama juu ya ukingo wa saruji, mkono mmoja kashika sahani nyeupe, mkono wa pili chupa ndogo ya kahawia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya maji. Walimchagua kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na kwa sababu hakuna aliyemshinda kusema. Alimaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea, na tangu hapo akawa anajisomea mwenyewe: sayansi kidogo, siasa kidogo, ushairi mwingi. Mizani na vina alijifunza peke yake kwa kuhesabu silabi vidoleni, mpaka ikafika mahali hawezi kugombana na mtu kwa maneno ya kawaida.

Maji ya tangi yalikuwa yameharibika. Kwa wiki tatu utelezi wa kijani ulikuwa ukiota kwenye kuta na kuelea juu kwa nyuzinyuzi, ukapanda na kila ndoo. Watoto waliuita mlenda wa tangi. Watu wazima hawakucheka. Maji yalikuwa na harufu, pampu ya dizeli ilijaza tangi mara mbili tu kwa wiki, na hapakuwa na maji mengine karibu. Kila mtu alimtazama katibu.

"Sogeeni, jamani," Swalihu alisema. "Sitaki mtu aje kusema kwamba alisimuliwa."

Akachovya mkono, akatoa fundo la nyuzi za kijani, akaliweka kwenye sahani. Pembeni akamimina maji matupu ya tangi kiasi cha kijiko, na upande wa tatu akaweka tonge la ugali. Kisha akafungua ile chupa. Ilikuwa iodini, dawa ya vidonda aliyoiomba zahanati. Akadondosha tone moja moja. Kwenye maji iodini ilibaki na rangi yake ya chai. Kwenye ugali ikageuka nyeusi yenye ubuluu papo hapo. Kwenye lile fundo la kijani ilikolea taratibu, watu wanatazama, hadi fundo likawa jeusi kama ugali.

"Mmeona wenyewe. Dawa hii inageuka nyeusi kwenye wanga tu. Ugali una wanga, mnajua. Na huu utelezi una wanga. Sasa wanga umefikaje kwenye maji ya kunywa, kama si mtu anayeosha vyungu vya nafaka humu ndani?"

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Vichwa viligeuka vyenyewe kumtazama Hana, mwanamke wa Kigogo wa makamo aliyekuwa akipika ujimbi, pombe ya mtama, na kuiuza siku za mnada. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzee. Wiki iliyopita watu wawili walimwona amechutama karibu na tangi anasuuza chungu.

"Nilisuuza nje," Hana alisema. "Pale kwenye mfereji. Maji yanakwenda chini. Hayapandi ukuta."

"Kwa hiyo iodini inasema uongo?"

"Iodini siijui. Najua mahali nilipokaa."

Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analipima kabla ya kulikanyaga, na mtu mmoja nyuma akamwiga matamshi. Watu wakacheka. Swalihu akasikia kicheko kile kikimpanda mwilini kama joto. Ubeti alikuwa nao tayari tangu Alhamisi. Akanyoosha mkono, akaughani:

*Twachota maji tangini, mtu katia ukoko,*
*Iodini ya chupani, imefichua vituko,*
*Mpika pombe bondeni, osha chungu chako huko,*
*Tangi letu si karai, la kuoshea miiko.*

Alipourudia mara ya pili, mstari wa mwisho waliuitikia pamoja naye. Mzee Matonya, mwenyekiti wa kamati, hakuitikia, ila hakumzuia mtu. Akaamua kwamba Hana asichote kwa wiki moja, na Jumamosi ijayo kikao kiamue kama afungiwe kabisa. Hana alijitwika ndoo yake tupu akaondoka, na watoto wakamfuata hatua chache wakiimba.

Swalihu alikuwa na kibanda cha mitumba karibu na stesheni. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila aliyekuwa na nguvu alikuwa na kibanda cha kitu fulani. Mashati ya Ulaya yalikuja kwa marobota, na Swalihu aliyatundika kwa mpangilio wa rangi. Juu ya kibanda palikuwa na mabati mawili. Yalikuwa ya kifuniko cha tangi. Upepo wa Agosti uliyalegeza yakawa yanapigapiga, naye akayashusha yasije yakamwangukia mtu, akayaazima mpaka apate misumari. Mwezi ukapita na zaidi. Hakuna aliyeuliza, na yeye mwenyewe alikwisha kuacha kuyaona kama mabati ya watu.

"Mshairi," Shaibu alimwita Jumatatu asubuhi. Shaibu alikuwa fundi viatu wa kibanda cha pili, na mdomo wake haukufungwa hata akiwa na misumari midomoni. "Wimbo wako umefika Nzuguni. Nimewasikia watoto wa shule kwa masikio yangu. Ungekuwa ugonjwa, wangeutangaza redioni."

"Vina vilikaa vizuri, si ndiyo?"

"Vina sijui. Najua wanaimba. Mwanangu ameambiwa alete maji ya kunawa, akanijibu tangi letu si karai."

Swalihu alicheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa bado anacheka alipomwona Hana akipita barabarani na ndoo kichwani. Alitoka korongoni, mwendo wa karibu saa nzima, kule ambako watu hufukua mchanga wakangoja maji yajikusanye, wakayateka kwa bakuli. Magoti yake yalikuwa na mchanga. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kumi na zaidi, na kwa desturi Swalihu angemwamkia. Alijifanya anakunja shati.

Mchana Mzee Matonya alikuja kibandani, akakataa kiti.

"Kijana, Jumamosi nitatakiwa kusema neno la kumfungia mtu maji. Mtu mwenye mzazi ndani. Neno la namna hiyo sitalisema kwa wimbo."

"Mzee, si umeiona iodini kwa macho yako?"

"Nimeona kitu cheusi. Maana yake umeisema wewe. Nenda kwa mtu aliyesoma kuliko wewe, akaniandikie."

Lile "kuliko wewe" lilimchoma Swalihu. Lakini alijua wa kumwendea, na hakuwa na shaka ya jibu. Alijaza mtungi wa kioo nyuzi za kijani na maji ya tangi, akaufunga kwenye baiskeli, akaelekea mjini.

Mwalimu Silvano, aliyemfundisha baiolojia, alikaa mtaa wa Kikuyu na alikuwa bado na ufunguo wa maabara ya shule yake, maana alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa na tabia ya kujibu swali kwa swali, na wanafunzi walimchukia kwa hilo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Bado unaandika mashairi pembeni ya daftari la baiolojia?"

"Sasa mashairi yana daftari lake, mwalimu."

Swalihu akaeleza yote, akaghani na ule ubeti. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu.

"Yale maji matupu uliyoyawekea tone. Yalibadilika?"

"Hapana."

"Kama mtu aliosha chungu, unga ulikwenda kwenye nyuzi tu ukayakwepa maji?"

"Ulinasa, mwalimu. Utelezi unanasa."

Mwalimu hakubisha. Alitoa uzi mmoja mtungini, akaulaza kwenye kioo, akauweka chini ya hadubini, akamsukumia kiti. Swalihu akafumba jicho moja. Aliona mrija mrefu mwembamba kama kioo, umegawanyika vyumba vyumba, na ndani ya kila chumba utepe wa kijani umejizungusha kama ngazi ya mnara. Hakuwahi kuona kitu kilichopangwa vile. Alihesabu mizunguko bila kujijua.

"Huu ni mwani wa kijani," Mwalimu alisema. "Huo utepe ndio wenye umbijani, ile rangi ya kijani, na kwenye utepe kuna vidoti. Unaviona? Sasa usitoe jicho."

Akadondosha iodini ukingoni mwa kioo. Ikaingia kama chai. Vile vidoti, kimoja baada ya kingine, vikawa vyeusi. Nje ya mrija hapakuwa na kitu. Ukuta wa mrija ulibaki safi.

"Wanga uko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Swalihu alivifuata vidoti hadi mwisho wa mrija. "Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya utepe."

"Hana aliingiaje humo na chungu chake?"

Swalihu alitoa jicho kwenye hadubini. Akasema pengine unga unapenya, pengine mwani unakula uji wa watu na kuuweka akiba. Alisema kwa nguvu, na kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia sauti yake ikiwa ya mtu anayejaza mizani kwa maneno ambayo hayakuhitajika.

Mwalimu Silvano hakumkatiza. Alipomaliza, akamweleza kwa utaratibu, kama zamani. Mwani hauli uji. Unachukua maji na hewa ukaa, na kwa nguvu ya mwanga unatengeneza sukari. Sukari haifai kuwekwa nyingi ndani ya chumba kidogo vile, maana inayeyuka na kuvuta maji. Kwa hiyo mwani unaiunganisha sukari punje kwa punje mpaka inakuwa wanga, ambao hauyeyuki. Kwenye utepe kuna viini vidogo vya protini, na wanga hujengeka kuvizunguka, ganda juu ya ganda. Mchana unajaza, gizani unatumia.

"Usiniamini," alisema. "Uliniamini darasani ukafeli. Tufanye hivi."

Akagawa zile nyuzi kwenye mitungi miwili yenye maji yale yale. Mmoja akauweka dirishani. Mwingine akaufungia kwenye kabati, ufunguo akampa Swalihu.

"Kama wanga ni wa chungu, kabati halitauondoa. Rudi Alhamisi."

Siku zile tatu zilikuwa ndefu. Swalihu aliufunga ufunguo wa kabati kwenye kona ya leso yake, na mara kwa mara aliupapasa. Alikuwa akiomba wanga ubaki. Aliona aibu kuomba hivyo, maana alikwisha kuiona ile mirija safi, lakini aliomba. Asubuhi na jioni Hana alipita na ndoo ya korongoni, na kila alipopita Swalihu alijikuta ana kazi ndani ya robota. Jumatano watoto watatu walipita nyuma yake wakiimba. Hana hakugeuka. Aliongeza mwendo kidogo, maji yakamwagika begani, akapunguza tena.

"Wimbo umeiva," Shaibu alisema.

"Wanaukosea mstari wa pili," Swalihu alisema, na hapo hapo akatamani asingesema.

Alhamisi alifungua kabati kwa mkono wake mwenyewe. Nyuzi za dirishani, zilipodondoshewa iodini, zilikuwa nyeusi. Nyuzi za kabatini zilibaki na kijani chao kilichofifia, na iodini ikakaa juu yake na rangi ya chai. Akaongeza tone. Akaongeza la pili. Chini ya hadubini vidoti vilikuwa vimepungua hata hapakuwa na cha kuhesabu.

"Mwani umekula akiba yake," Mwalimu alisema. "Hakukuwa na jua, ukala ulichoweka. Ungekuwa uji umenata nje, ungekuwepo, tena umechacha."

Swalihu aliirudisha chupa ya iodini mezani.

"Sasa niulize swali ulilopaswa kuniuliza Jumatatu."

"Umeota kwa nini."

"Umeota kwa nini mwaka huu? Tangi lenu lina miaka mingapi?"

"Sita."

"Miaka sita maji safi. Mwani unataka mwanga. Tangi si lina kifuniko?"

Swalihu aliona mabati mawili juu ya mashati yaliyopangwa kwa rangi. Aliyaona wazi kuliko alivyomwona mwalimu aliyekuwa mbele yake.

"Linacho," alisema. "Kina upenyo."

"Zibeni upenyo, safisheni kuta, basi. Mwandikie mwenyekiti wako hivyo." Mwalimu akachukua karatasi, kisha akairudisha mezani. "Au uandike wewe. Mwandiko wako ni mzuri."

Hakumuuliza nani alifungua upenyo. Swalihu alipanda baiskeli akijua kwamba angeulizwa angedanganya, na hilo lilimsumbua njia nzima kuliko upepo uliokuwa ukimpiga usoni.

Jioni alimweleza Shaibu, ila si yote. Shaibu alitazama juu kwenye mabati, akatazama chini, akaendelea kupiga msumari.

"Rudisha kimya kimya," alisema. "Kesho Ijumaa, baada ya swala, watu hawapo tangini. Halafu Jumamosi simama useme kamati imemsamehe yule mama. Watu watakupigia makofi. Mzee atafurahi. Yeye atapata maji yake. Nani ameumia?"

Swalihu alilipima neno hilo, na lilikaa vizuri. Hana angechota, maji yangesafika, na yeye angebaki katibu, msomi, tena mwenye huruma. Ijumaa alasiri aliyarudisha mabati peke yake, akayapigilia misumari minane. Akiwa juu ya tangi alitazama chini kwenye ule upenyo wa mwisho kabla hajauziba. Jua lilikuwa limeingia kwa mshazari likagusa maji, na pale lilipogusa ndipo kijani kilipokuwa kinene zaidi, kimejikata sawasawa kama kivuli cha mabati mawili.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko wiki iliyopita. Hana alikuja bila ndoo, akasimama pembeni. Mzee Matonya akamwita katibu aseme alichokipata mjini.

"Ndugu zangu," Swalihu alianza akiwa juu ya ukingo, "nimechunguza jambo hili kwa kina. Na baada ya kushauriana na wataalamu, naiomba kamati, kwa moyo wa ujirani, imsamehe huyu mama aendelee kuchota."

Makofi yakaanza. Hana akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nisamehewe nini?"

Makofi yakafa.

"Nauliza," Hana alisema. "Niliambiwa nimetia uchafu. Leo nimesamehewa. Nilitia, au sikutia?"

"Mama, jambo limekwisha, chukua maji yako," mtu mmoja alisema.

"Halijaisha. Nikichota kwa msamaha, nitakuwa nimetia."

Mzee Matonya alimgeukia Swalihu. "Jibu, kijana. Amekuuliza wewe."

Swalihu alikuwa na maneno mengi, yote yamevaa nguo nzuri. Aliyatafuta na hakupata hata moja lililokuwa na ukubwa wa lile swali. Akashuka kutoka kwenye ukingo, kwa sababu aligundua alikuwa amesimama juu yao.

"Hakutia," alisema.

"Sema kwa sauti," watu wa nyuma walisema.

"Hakutia. Wanga ni wa ule utelezi wenyewe. Ni mmea. Unatengeneza wanga ndani yake kwa jua, kama mahindi shambani, unauweka akiba. Nimeona kwa hadubini. Tumeufungia gizani siku tatu, wanga ukaisha, na hakuna mtu aliyeuosha. Hakuna chungu. Hakuna mtu yeyote."

"Unajipikia?" mzee mmoja aliuliza.

"Unajipikia. Ukipata jua."

"Jua limeingiaje tangini?" Mzee Matonya aliuliza. Alikuwa akitazama juu, kwenye misumari minane mipya iliyong'aa.

Hapo ndipo Swalihu alipofika mahali alipokuwa akipakwepa tangu Alhamisi. Aliwaona watu mmoja mmoja: yule aliyemwiga Hana matamshi, wale watoto, Shaibu aliyekuwa akitikisa kichwa polepole kumwambia asiseme.

"Kwangu," alisema. "Yale mabati mawili niliyashusha mwezi wa nane. Nikayaezeka kibandani. Nimeyarudisha jana."

Watu walitazama juu kwenye misumari. Halafu mwanamke mmoja akasema, bila hasira, kama anayejumlisha, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetia utelezi. Na wewe ndiye uliyemwimba." Mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha wiki iliyopita, Swalihu alikitambua, ila safari hii kilikuja kutoka upande mwingine.

Mzee Matonya akamwambia aache ukatibu, naye akakubali. Hilo halikumuuma kama alivyodhani. Watu walipotawanyika alimwendea Hana.

"Shikamoo, dada Hana."

Hana alimtazama kwanza. "Marahaba."

"Nitatunga mwingine. Nitausahihisha ule, nitaeleza kweli yote, beti kumi, niwafundishe watoto wenyewe."

"Usitunge."

"Ili jina lako—"

"Usinitie kwenye wimbo tena," Hana alisema. "Hata wa sifa. Mdomo wako ukinishika hauniachi." Akajifunga kanga vizuri. "Kama unataka kufanya kitu, njoo nyumbani. Mama yangu ameusikia. Wajukuu wa jirani waliimba uani kwetu wakicheza. Kiswahili hajui. Akaniuliza wanaimba nini, wanaitaja pombe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimgeuzia kwa Kigogo. Ningefanyaje? Ningemdanganya mama yangu kwa ajili yako?"

Walikwenda mchana ule ule. Nyumba ilikuwa tembe ya udongo, na mama mzee alikuwa ameketi chini uani akipepeta mtama. Swalihu alizaliwa Ihumwa. Babu wa babu yake alifika na misafara ya wafanyabiashara akabaki, na kwao walijihesabu watu wa mjini, wakijivunia kwamba Kigogo hakikuingia ndani ya nyumba yao. Alijua salamu tu.

"Mbukwenyi," alisema. Alipoitikiwa, alikuwa amemaliza lugha yake.

Akachuchumaa, akamgeukia Hana, akaanza. "Mama yangu mpendwa, nimekuja mbele yako nikiwa nimeinamisha uso, na moyo wangu umelowa majuto kama—"

"Hayo siwezi kuyageuza," Hana alisema. "Sema moja moja. Mafupi."

Swalihu akaanza upya. "Mimi ndiye niliyetunga ule wimbo."

Hana aligeuza. Ungo ukasimama.

"Ni uongo."

Hana aligeuza. Kwa Kigogo lilichukua muda mrefu zaidi kuliko lilivyomchukua yeye kulisema, naye akabaki amechuchumaa, anasikiliza dhambi yake ikipita mdomoni mwa mtu aliyemtendea, na hajui inapita kwa umbo gani.

"Hana hakuosha chungu tangini. Utelezi uliota kwa sababu nilichukua kifuniko."

Mama mzee alisema kitu.

"Anauliza," Hana alisema, "ulipoimba, ulijua kuwa si kweli?"

"Sikujua."

Hana akageuza. Mama mzee akafikiri, vidole vikichambua mawe kwenye mtama, akauliza tena.

"Anauliza, ulitaka kujua?"

Swalihu alifungua kinywa. Jibu zuri lilikuwepo, la kisayansi: kwamba alifanya jaribio, kwamba alitumia dawa, kwamba mtu yeyote angekosea. Aliyakumbuka maji matupu kwenye sahani nyeupe, yamebaki na rangi ya chai mbele ya macho yake, na yeye akayapita haraka kwa sababu ubeti ulikuwa umekwisha kukamilika.

"Hapana," alisema.

Hana hakugeuza mara moja. Alimtazama, kisha akasema neno moja tu la Kigogo. Mama mzee alianza kusema, taratibu, maneno mengi, hakumtazama Swalihu hata mara moja, na alipomaliza akauchukua ungo akaendelea kupepeta. Makapi yalipeperuka yakamwangukia Swalihu magotini. Hakuyafuta.

"Amesema nini?"

"Alikuwa anasema na mimi, si na wewe," Hana alijibu.

Akamsindikiza hadi mwisho wa uzio wa miiba.

"Kesho ninakuja kuchota," Hana alisema. "Nitapanga foleni nyuma ya watu. Usije ukanipisha mbele, wakaanza kututazama."

"Sawa, dada."

"Na ule mchanga wa korongoni umenivunjia bakuli la kutekea. Uniletee jingine," alisema, akarudi ndani.